Maji ndio yanayozamisha kibaraza

Leo nimeshinda nje nazunguka nyumba, na roho imeniuma kusema kweli. Kibaraza cha nyuma kimeshuka upande mmoja, ukimwaga maji pale juu yanakimbilia ukutani badala ya kwenda zake uani, na ndani kwa chini ukuta umetoa chumvi nyeupe, rangi ukiigusa tu inabanduka. Nimegonga zege kwa nyundo, upande wa nje linajibu vizuri, upande wa ukuta linalia kama debe tupu. Maana yake chini hakuna udongo tena.

Wengi wanaona hapa kuna kazi mbili, ya zege na ya ukuta, mimi naona moja tu, ya maji. Chukua paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10 ikipiga hapo ni lita 1,000, tani nzima, na kama gata imeziba au bomba la kuteremshia maji ya gata linamwaga palepale kwenye kona basi mzigo wote huo unaingia sehemu moja. Na udongo wa kando ya msingi ni kifusi kilichorudishiwa baada ya kujenga, mara nyingi hakikushindiliwa sawasawa, maji yanapenya, yanabeba chembe ndogondogo yanaondoka nazo, zege linabaki halina pa kukalia. Zege la sentimita 10 lina kama kilo 240 kila mita ya mraba, litakaaje hewani? Linashuka, na likishainamia nyumba ndio linapeleka maji mengi zaidi msingini, mvua hii inaharibu zaidi ya ile iliyopita.

Fundi alishauri tupige lipu mpya ndani na dawa ya kuzuia maji juu yake. Nikamwambia hapana fundi wangu, bado. Maji yakisimama kwa kina cha mita moja nje ya ukuta, pale chini yanasukuma kwa karibu tani moja kila mita ya mraba, hiyo lipu ya ndani itasukumwa mpaka ibanduke, na sisi tutakuwa tumeficha ugonjwa tu. Nimebandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote nimeziba na gundi, kikae mpaka kesho: kikilowa upande wa chumbani ni unyevu wa hewa ya ndani, kikilowa kwa nyuma ni ukuta wenyewe unapitisha.

Nyufa nazo nimezikagua. Ule mwembamba wa wima haunitishi sana, zege likikauka linasinyaa na kupasuka hivyo, nimeweka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake nione kama unatembea. Ungekuwa wa mlalo, au ukuta umevimba kuja ndani, hapo ningemwita injinia siku hiyohiyo bila mjadala.

Kwa hiyo gata kwanza, halafu bomba limwage mbali na nyumba, halafu udongo upandishwe kando ya ukuta ushuke kuelekea nje kama sentimita 15 ndani ya mita 3. Ufa unaovuja unachomwa sindano ya poliyurethani, aina ya plastiki inayoingia ikiwa majimaji halafu inaganda, maana inavumilia unyevu na kunyumbuka, epoksi, gundi ile ngumu ya kuchanganya, ni ya ufa uliokauka unaotaka kuungwa kwa nguvu. Kibaraza ndio cha mwisho. Kuna wanaokiinua kwa kusukuma uji wa saruji na udongo kupitia matundu, kuna wa povu la poliyurethani, na mimi naegemea povu kwa sababu ni jepesi, linakauka kwa dakika chache na haliongezi uzito juu ya udongo ambao tayari umechoka. Zege likiwa vipandevipande usihangaike kuinua, vunja, shindilia udongo tabaka kwa tabaka, umwage upya.

Gata nimeshaisafisha jioni hii, ilijaa majani mpaka juu. Bomba bado, nasubiri kipande cha kurefushia, na fundi wa kuinua zege simwiti mpaka mvua moja kubwa ipite nione maji yanaelekea wapi.