Siku moja maishani mwangu: paneli ya mashine, Kibuye

Saa 12 na nusu asubuhi nishafungua kibanda hapa Kibuye, Kisumu. Leo naunda meza ya ruta ya CNC ninayojitengenezea, yaani mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, futi 4 kwa 2, na sitaki mbao nzima, kwa sababu mbao nzima ni mzigo na unyevu wa ziwa utaipinda tu. Nataka boksi, shiti mbili za plaiwudi ya mili 6 na gridi katikati.

Saa 2 napasua plaiwudi ya mili 12 kuwa vipande vya mili 60, vyote bila kugusa fensi ya msumeno, kwa sababu kimoja kikizidi hata mili 1 shiti ya juu itapanda hapo. Vya urefu 5, vya upana 9, vinapishana mahali 45 kama vile vigawanyo ndani ya katoni ya chupa.

Saa 4 stima ikapotea. Mifereji iliyobaki, ile ya kuvipachika vipande pale vinapopishana, tukaimalizia na msumeno wa mkono na patasi, mimi na mtoto wa dadangu, na hiyo ndio imekaza vizuri zaidi.

Saa 7 ugali omena.

"Anko, hii plaiwudi nyembamba itabeba mota kweli?" Nikamwambia ukikanyaga katikati shiti ya juu inabanwa, ya chini inavutwa, gridi inazikataza kusogeleana, na kadiri zinavyokaa mbali ndivyo kupinda kunavyokuwa kugumu. Lakini gundi ikishakauka boksi linabaki na umbo lililokaukia, kama meza ya kazi unayoligundishia juu yake imejikunja, nalo limejikunja milele. Ndio maana saa 8 mpaka saa 10 sikufanya kingine ila kupima hiyo meza. Nyuzi mbili za kuvulia samaki, kona kwa kona, zikutane katikati zikigusana tu. Zikaachana kama mili 3! Nikachonga kabari, nikaingiza chini ya mguu mmoja, nikapima, nikatoa, nikaingiza tena, mpaka uzi ukalala juu ya mwenzake bila kuusukuma.

Saa 11 jua limepoa, ndio tukapaka gundi, watu wawili mbio mbio, maana mchana wa Kisumu inakauka kabla hujamaliza gridi. Juu nikapanga mifuko 4 ya simiti niliyoazima kwa jirani, kilo 200 hizo, na gundi ikachungulia pembeni kote, mstari mmoja usiokatika.

Saa 2 usiku nimepima nyuzi tena kwa tochi. Bado zinagusana. Simiti sitoi mpaka kesho.