Nilivyojifunza kusema "ngoja"

"Mama, acha utoto, legeza miguu." Ndivyo muuguzi alivyoniambia kwenye kituo kimoja cha afya hapa Bukavu, nilipokwenda kupimwa mlango wa kizazi. Ningeweza, ningelegeza. Nilifunga kitenge changu nikarudi Kadutu bila kipimo.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Bwana yangu akinisogelea usiku, chini panajikaza penyewe, na maumivu yake kama pilipili kwenye kidonda. Yeye akadhani simpendi. Mama mkwe akasema nimerogwa. Mimi, ile miaka ya kukimbia vita na ndoa ya kwanza ya kipigo nilihesabu yamekwisha.

Mwenzangu wa kwaya ndiye alinipeleka Panzi, hospitali aliyoianzisha Daktari Mukwege mwaka 1999, inayojulikana kwa kutibu wanawake waliobakwa. Niliogopa midomo ya majirani, maana ukionekana unaingia pale, watu wanakutungia hadithi. Kumbe wamama wengi wanakwenda kuzaa tu.

Mwanasaikolojia hakuniuliza habari za vita. Alileta kidole ghafla karibu na jicho langu, nikafumba. "Nani kakuambia ufumbe?" Akasema misuli ya nyonga nayo ni hivyo: ukiishi na hofu miaka mingi, mwili unajikinga kabla hujafikiri. Jeraha hilo la moyo, la mateso ya muda mrefu, Shirika la Afya Duniani linaliita kiwewe tata, nacho kimo kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022. Hakiishii kwenye ndoto mbaya; kinaharibu pia unavyojiona na unavyokaribiana na watu. Aibu nayo ni dalili, akasema. Na mimi nilidhani ndiyo tabia yangu!

Nilipewa zoezi la pumzi. Unalala chali, mkono chini ya kitovu, unavuta hadi mkono uinuke. Ukivuta hivyo, unaachia kule chini kama mtu anayeanza kukojoa. Dakika kumi kila jioni, watoto wakila.

Kigumu kilikuwa bwana yangu. Aliitwa, akakubali miezi mitatu bila tendo, na nikisema "ngoja," anaacha. Nilimjaribu. Alinishika mkono tu, nikasema ngoja. Akaachia. Kesho yake nikarudia, akacheka, akaachia.

Haijaisha yote. Vita vilipoingia mjini Februari 2025, mwili ulijifunga upya. Lakini mwezi uliopita nilikwenda tena kupimwa. Nikamuuliza muuguzi, mwingine huyu: "Nikisema ngoja, utangoja?"

Akavua glavu, akavuta kiti.