Nywele za Ghorofa ya Nne

Juzi nilikuwa mashineni na debe langu la mahindi, foleni imefika barabarani, mara nikaisikia ile harufu. Mpira unaungua. Nikapaza sauti, "Zima, zima!" Kijana wa kinu akazima. Kufungua, chekeche limeziba kwa mahindi ya mtu ambayo hayajakauka, mkanda umeanza kulainika. "Mama, umejuaje na uko huko nje?" Nikamwambia ni pua tu. Njiani kurudi, unga ungali wa moto kichwani, sikuwa tena Morogoro. Nilikuwa Grand Rapids, kule Marekani, Januari, theluji dirishani, nimepiga magoti kwenye zulia la ofisi za watu.

Miaka ile nilikuwa nafanya usafi wa ofisi usiku. Tuliingia saa kumi na mbili jioni, wenye ofisi wameshaondoka. Ghorofa ya nne ilikuwa yangu pamoja na vakyumu moja, mashine ya kufyonza vumbi kwenye zulia, ile ya kusimama, ya kazi nzito, waya wake wa njano una mita 15. Mwezi ule ilikuwa imekwisha kukata mikanda miwili. Wa pili ulipokatika msimamizi aliniambia wazi kwamba tatizo ni mimi, naisukuma mashine kama nalima. Maneno yale yaliniingia. Kulima nimelima, na jembe nalijua. Mashine ile nilikuwa naishika kama mtoto mchanga.

Wa tatu ulianza kunuka saa nne usiku. Mota inaunguruma, upepo unavutwa, lakini zulia halipigwi. Ile mistari inayobaki nyuma ya brashi haipo. Nikazima, nikakaa chini, nikalia. Hivyo ndivyo alivyonikuta Mama wa Uvira, Mkongo mwenzangu wa kazi aliyekuwa na ghorofa ya tano.

Hakuniuliza nalia nini. Alichomoa plagi ukutani, akaiweka mbele ya magoti yake aione. "Umeme kwanza, mutoto yangu." Akailaza mashine chali, akatoa bisibisi mfukoni, skrubu nne, kifuniko kikatoka. Mkanda ulikuwa umeliwa upande mmoja, umegandia kwenye ekseli ya mota kama lami. Nikanyosha mkono kuchukua mkanda wa akiba. Akanizuia.

"Mukanda haifi yenyewe. Kuko kitu inaiua."

Akaniambia nizungushe brashi kwa kidole. Ikagoma kama bawaba yenye kutu. Hapo nikaelewa: mota inazunguka, brashi imekwama, mkanda uko katikati unasuguliwa mpaka unaungua. Mara zote mbili tulikuwa tunambadilishia mgonjwa shuka.

Akaitoa brashi, akaipakata mapajani kama mtoto anayesukwa, akanipa mkasi. Nywele. Zilikuwa zimejiviringisha ncha hadi ncha na kupenya ndani ya beringi, zimekaza kama kamba ya katani. Nikawa nakata safu baada ya safu, naye anavuta kwa kucha. Za juu rangi ya dhahabu, halafu kahawia, halafu mvi ndefu, katikati nyuzi za zulia, tena unywele mmoja mwekundu uliometameta chini ya taa. Watu wa ghorofa ya nne sikuwahi kumwona hata mmoja uso. Niliwajua kwa vikombe vyao na picha za watoto wao mezani, na sasa nimezishika nywele zao. Chini kabisa, karibu na beringi ya kushoto, kikatoka kipande cha rasta nyeusi, urefu wa kidole, bado kimesokotwa vizuri, ncha imechomwa moto vile tunavyochoma.

Tukatazamana. Mama wa Uvira alikuwa ananyoa kichwa tangu afiwe na mumewe. Mimi nilikuwa na twende kilioni, nywele zangu mwenyewe, bila rasta.

"Kuko mwenzetu hapa muchana," akasema taratibu.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tulifuta beringi, brashi ikazunguka kwa pumzi tu. Mkanda mpya ukaanzia kwenye ekseli, kisha kwenye mfereji wa brashi, usijipinde. Tukauzungusha kwa mkono mara kadhaa, kifuniko, umeme. Ukadumu mpaka nilipohama jengo lile mwezi Mei, kwa sababu kila Ijumaa niliilaza mashine chali na kukata nywele. Msimamizi nilimweleza. Aliitikia kwa kichwa, ila ile kauli yake ya kulima hakuifuta, na mpaka leo ningependa aifute.

Ile rasta sikuweza kuitupa. Nywele za mtu hazitupwi ovyo. Niliitia mfukoni mwa aproni, nikawa nikipangusa meza natafuta dalili: chupa ya mafuta, kitambaa, picha, chochote. Kuacha kikaratasi mezani ilikuwa marufuku. Basi siku moja nikawahi, saa kumi na moja na nusu, nikasimama mlangoni kwenye ile baridi ili niwaone wanavyotoka. Wakatoka. Wote wamefunika vichwa, kofia za sufu mpaka kwenye nyusi, kola zimepandishwa masikioni. Nikawa namsalimu kila mmoja habari za jioni, kwa Kiingereza, macho yangu mabegani mwao.