Siku moja maishani mwangu: namba 100 ilivyopata wenyewe wawili

Saa moja na dakika kumi asubuhi nilikuwa bado Mamboleo, chai haijapoa, simu ikalia. Alikuwa mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Kisumu. "Nyathina, printa imekataa. Wanachama watafika saa mbili na nusu na sina risiti hata moja ya kuwapa." Huniita mtoto wake kwa Kijaluo tangu siku nilipoanza kuwahudumia kama fundi wa mtandao, nami humwita Mama. Nilimuuliza jambo moja tu: stima ilipotea usiku? Ilipotea, akasema, ikarudi alfajiri. Basi nikaanza kushuku anwani za IP, zile namba ambazo vifaa hupewa ili vitafutane kwenye mtandao, kabla hata sijafunga kamba za viatu.

Saa mbili kasoro dakika kumi boda alinishusha Oginga Odinga Street. Ofisi iko ghorofa ya pili: kompyuta 14, seva ndogo ya hesabu, kinasa picha cha kamera za ulinzi, na printa moja kubwa inayotegemewa na wote. Printa ilikuwa na karatasi, ina wino, taa yake ya kijani inawaka. Kila kompyuta ilikuwa imeelekezwa ipeleke kazi kwenye 192.168.1.100. Nikaandika ping, amri ya kuuliza kama kifaa kinaitika, na namba hiyo. Jibu likarudi papo hapo.

Hapo ndipo wengi hupotea njia, kwa sababu jibu linakufanya uamini printa iko hewani. Nikachomoa kebo ya mtandao nyuma ya printa, nikaiweka juu ya meza, nikarudia ping. Jibu likarudi tena. Mama alikuwa amesimama begani kwangu. "Kama printa umeichomoa," akauliza, "sasa ni nani anaitika?"

Swali zuri kuliko lote la siku hiyo. Nikaandika arp -a, kompyuta ikanionyesha anwani ya MAC ya huyo anayeitika, yaani ile ya tarakimu na herufi 12 ambayo kifaa hujitambulisha nayo. Nikainama na tochi ya simu kusoma stika ya nyuma ya printa. Hazikufanana hata mwanzo. Nikafungua ukurasa wa ruta, kifaa kinachogawa anwani na intaneti ofisini: ile 100 ya mwisho wa anwani ilikuwa kwenye simu ya askari mpya wa usiku, aliyepewa nenosiri la Wi-Fi jana jioni.

Nikamweleza Mama hivi. Kifaa kikiingia kwenye mtandao hakijui mtu, kwa hiyo kinapaza sauti: nani hugawa anwani hapa? Ruta inajibu: chukua hii. Kifaa kinasema: hiyo hiyo naiomba. Ruta inamaliza: haya, ni yako kwa saa 24. Hiyo ndiyo DHCP, na ni upangaji, si umiliki. Nusu ya muda ikipita kifaa huomba kuongezewa, ndiyo maana printa yao ilikaa na 100 miezi mingi hadi kila mtu akadhani ni yake. Ruta hii huanza kugawa kutoka 100. Stima ilipokatika ikasahau daftari lake lote la wapangaji, kama ruta nyingi ndogo zinavyosahau. Iliporudi, wa kwanza kubisha hodi alikuwa askari na simu yake. Printa iliwashwa saa moja, ikapewa 103, na hakuna kompyuta iliyojua kwamba imehama.

Askari hakukosea chochote. Kosa lilikuwa kuipa kompyuta namba ya mpangaji na kuichukulia kama ya mwenye nyumba.

Saa mbili na robo nilikuwa kwenye vitufe vya printa. Nilihakikisha kwanza kwamba 10 haina mtu, kisha nikaandika kwa mkono: anwani 192.168.1.10, maski 255.255.255.0 inayoonyesha mpaka wa mtandao wa ofisi, na lango 192.168.1.1, yaani ruta yenyewe. Nikaweka na DNS, inayogeuza majina ya intaneti kuwa anwani, kwa kuwa printa hii hutuma nakala kwa barua pepe, na bila DNS ingechapisha vizuri lakini barua isitoke. Nikabadilisha kompyuta ya Mama na za makeshia wawili kwanza. Saa tatu kasoro ishirini risiti ya kwanza ikatoka, ikiwa bado na joto. Zile 11 zilizobaki nilizibadilisha polepole, mwenye meza akienda chai.

Nilipofika kwenye seva moyo ulinishtuka. Ilikuwa na anwani iliyoandikwa kwa mkono, sawa, lakini 150, katikati kabisa ya fungu la 100 hadi 199 ambalo ruta inagawia watu. Siku moja ruta ingeweza kumpa mgeni 150 na hesabu za chama kizima zikakwama. Kuihamisha mchana, wanachama wakiwa kwenye foleni, sikukubali. Nilichofanya ni kuiandikisha MAC ya seva kwenye ruta ili 150 isipewe mwingine, na Jumamosi jioni nitaihamishia 11. Kinasa picha nacho nikakipa 12.

Meneja akatoka ofisini kwake. "Fundi, hata laptopu yangu ipe namba ya kudumu, nasikia huwa na kasi zaidi."

"Mkubwa, kasi haibadiliki," nikamjibu. "Na hii laptopu hulala nyumbani kwako. Ruta ya huko ikiwa ya 192.168.0, utaifungua usiku na hutapata intaneti kabisa. Iache iombe popote inapofika." Alifikiri kidogo, akarudi nayo. Hilo huwa nalisisitiza kwa kila mteja: kinachotafutwa na wengine kikae mahali pamoja, kinachotembea na mtu kipewe anwani pale kinapofika. Mtandao kama huu una anwani 254 za kutumia. Kuna nafasi ya kutosha ya kuyatenga makundi haya mawili.

Kabla sijaondoka nikahifadhi mipangilio ya ruta kwenye flashi ya Mama, nikaandika orodha kwa kalamu nzito: 1 ruta, 10 printa, 11 seva (kuanzia Jumamosi, kwa sasa 150), 12 kinasa picha, 13 hadi 49 wazi. Nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao. Wateja wengine hutaka niiweke kwenye kompyuta tu. Mimi hukataa, kwa sababu siku utakayoihitaji, kompyuta huwa ndiyo isiyofunguka.

Saa saba, ugali na omena karibu na soko la Jubilee.

Saa tisa Kondele, kwenye ofisi ya watu wanane, mvua ikipiga mabati. Nusu yao walikuwa na intaneti, nusu hawana. Waliokosa walikuwa na anwani za 192.168.0, wenzao 192.168.1. Nikafuata kebo ukutani hadi chini ya meza ya nyuma: mtu alileta ruta ya nyumbani ili Wi-Fi ifike kwake, akaichomeka kwenye tundu la LAN, yaani la mtandao wa ndani. Sasa ruta mbili zinajibu hodi, na anayejibu kwanza ndiye anayeaminiwa. Niliizima DHCP ya ile ya pili, nikaipa 192.168.1.2 ili niweze kuifungua tena, na kebo nikaiacha pale pale kwenye LAN. Ikabaki kusambaza Wi-Fi tu. Mwenyewe alikuwa na hofu ya kufokewa. Nilimwambia haja yake ilikuwa ya kweli, pale nyuma mawimbi hayafiki.

Saa kumi na moja nikarudi Oginga Odinga Street, kwa sababu sipendi kuamini kazi ambayo haijapitia giza. Nikaomba ruhusa, nikazima ruta, swichi na printa, nikahesabu dakika tano, nikawasha ruta na simu yangu kwanza, printa mwisho. Simu ikachukua 100. Printa ikaamka na 10. Mama akabonyeza, karatasi ikatoka.

Wakati huo kijana mmoja alikuwa mlangoni na mashine mpya ya alama za vidole, ile ya zamani ikiwa imekufa mwezi mzima. Alikuwa ameshaanza kuandika namba aliyozoea kuwawekea wateja wake.

"Ngoja kwanza, kijana wangu," Mama akamwambia. Akafungua kabati, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye orodha. "Kumi na tatu haina mtu. Weka hiyo." Akaniomba kalamu, akaandika mwenyewe.