Siku tatu kwa miguu Poqueira na La Taha: hesabu mwinuko, fuata maji

Vijiji vya Alpujarra vimeng'ang'ania ubavu wa kusini wa milima ya Sierra Nevada, mkoani Granada, Hispania. Ukiviangalia kwenye ramani utadhani unaweza kuvimaliza asubuhi moja. Kutoka Pampaneira hadi Capileira, vijiji vya korongo la Poqueira, kwa njia ya miguu, ni kama kilomita 3 tu. Lakini Pampaneira iko mita 1,060 hivi juu ya usawa wa bahari, na Capileira 1,430. Wanaokwama huku wengi wao wamehesabu kilomita wakasahau mwinuko.

Kanuni niliyoitumia safari nzima ni hii: saa 1 kwa kila kilomita 4, kisha dakika 10 za ziada kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa mteremko wa mawe sipunguzi hata dakika moja, kwa sababu njia za zamani za nyumbu zimesakafiwa kwa mawe yaliyolainishwa na kwato kwa karne nyingi, na goti linataka uende polepole. Kwa hesabu hiyo Pampaneira hadi Capileira ni dakika 45 za umbali na 37 za kupanda, yaani saa 1 na dakika 20 bila kupumzika. Saa yangu na kanuni hii hazikupishana sana siku zote tatu.

Mwezi ni Mei au Oktoba. Julai na Agosti jua linachoma, na kuanzia saa 5 asubuhi ubavu unaotazama kusini hauna kivuli. Mwezi Mei theluji bado iko juu kileleni, Mulhacén, mita 3,479, lakini kwenye vijiji huioni ila kwa mbali. Siku za vuli uwindaji wa nguruwe mwitu unaruhusiwa. Ukikuta ubao wa tahadhari ya uwindaji kwenye njia, rudi uchague njia nyingine siku hiyo. Usijadiliane na bunduki.

Gari halihitajiki, na mimi naona ni mzigo, maana ukiliacha Pampaneira lazima ulirudie. Basi kutoka kituo cha mabasi cha Granada linapitia Lanjarón na Órgiva, linafika Pampaneira baada ya saa 2 hivi, halafu linapanda Bubión, Capileira na kuendelea kuelekea Pitres na Trevélez. Kwa siku ni mabasi machache tu, na ratiba ya Jumapili si ya Jumatatu. Nilipiga picha ratiba ya kurudi palepale kituoni kabla sijapanda la kwenda. Kaa upande wa kulia kama hupendi kutazama ukuta wa mlima safari nzima. Kama unaogopa mabonde, kaa kushoto.

Begi langu lilikuwa na kilo 7: maji lita 2 (kiangazi beba 3), koti la mvua, sweta, chakula cha mchana, taa ya kichwani, filimbi, bandeji na fimbo mbili za kutembelea. Fimbo si mapambo. Kwenye mteremko wa mawe zinabeba sehemu ya uzito ambao goti lingeubeba. Viatu viwe na soli yenye meno na ambavyo vimeshavaliwa. Ramani nilizipakua kabla kwenye programu ya bure ya taasisi ya taifa ya jiografia ya Hispania, Mapas de España, kwa sababu ndani ya korongo mtandao wa simu unapotea. Namba ya dharura ni 112.

Sasa alama. Njia ndefu, zinazoanza na herufi GR, zina mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini. Njia fupi, PR, ni mweupe na manjano. Za kijiji, SL, ni mweupe na kijani. Mistari ikiwa sambamba, endelea. Ikipinda, kata kona upande huohuo. Ikiwa msalaba, umekosea njia. Kosa linalowapata wengi ni kutoona msalaba, kwa kuwa hukuutafuta: unatembea ukizungumza, unafuata njia pana, kumbe njia pana inaelekea shambani kwa mtu. Nilijiwekea sheria kwamba nikitembea dakika 10 bila kuona alama yoyote, narudi hadi alama ya mwisho. Sheria hiyo inakasirisha, lakini inakuokoa. Kwa Alpujarra nzima njia kuu ni GR 7, na juu zaidi kuna GR 240, iitwayo Sulayr, inayozunguka Sierra Nevada yote kwa kilomita 300 hivi.

Alama ya pili haikuchorwa na mtu wa utalii. Ni mfereji wa maji, acequia, neno ambalo Wahispania walilirithi kutoka Kiarabu, as-saqiya. Aliyekulia Marangu au Machame ataelewa bila kuelezwa, kwani ni jamaa wa mfongo wa Wachagga: maji ya theluji yanakingwa juu, yanaongozwa kwa mteremko mdogo sana kuzunguka mlima, yanagawiwa kwa zamu, na kila mfereji una wenyewe wanaoutunza. Kwa mtembeaji faida yake ni kwamba kando ya mfereji pana njia ya mtunzaji, na njia hiyo ni tambarare. Ukichoka kupanda, tafuta kwenye ramani mstari wa acequia unaoelekea unakokwenda. Ukiona mstari wa miti ya kijani kibichi ukikatiza ubavu mkavu, ni huohuo. Ila usikanyage ukingo wala kusogeza vibao vya kuzuia maji. Kibao kimoja kikihamishwa, shamba la mtu limekosa zamu yake. Majira ya kuchipua mifereji hufurika na kumwagikia njiani, na hapo udongo unakuwa utelezi mtupu.

Siku ya kwanza nilifanya fupi makusudi: Pampaneira, Bubión, Capileira, alasiri moja. Inakufundisha ukali wa njia kabla hujajitia mbali. Tazama paa za nyumba unapopanda, ni bapa. Boriti za mti wa castaño, juu yake mawe bapa, juu kabisa udongo wa kijivu uitwao launa, unaoshindiliwa ili usipitishe maji. Kwa mtu aliyeona paa za zamani za Lamu, boriti za mikoko na chokaa, wazo ni la ukoo mmoja ingawa malighafi ni nyingine. Tangu 1982 vijiji hivi vitatu vinalindwa kisheria kama eneo la kihistoria.

Siku ya pili ni mzunguko wa korongo la Poqueira, na siku hiyo nilitenga saa 6. Unaanzia mwisho wa mtaa wa Cubo, Capileira, unafuata ubavu wa mashariki kwenda juu hadi La Cebadilla, kijiji kilichojengewa wafanyakazi wa umeme wa maji na sasa kimeachwa. Hapo unavuka mto na kurudi kwa ubavu wa magharibi, ukipita matuta ya mashamba, mijozi na mibanda ya mawe, hadi uteremke kwenye daraja la Abuchite na kupanda tena kijijini. Mpando huo wa mwisho ndio unaowavunja watu, kwa sababu unakuja wakati miguu imechoka na maji yameisha. Nilibakiza nusu lita na karanga kwa ajili yake tu. Malango ya mifugo yaache ulivyoyakuta: lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi. Ukiona kondoo, tarajia mbwa. Simama, lizunguke kundi kwa mbali, usikimbie, usimtazame mbwa machoni.

Siku ya tatu ilinipa furaha kuliko zote. Kutoka Bubión GR 7 inapanda mgongo wa mlima na kuteremka upande wa pili hadi Capilerilla, kisha Pitres. Angalia majina: Capileira na Capilerilla ni vijiji viwili tofauti, na ukiuliza njia kwa haraka utaelekezwa kimoja ukitaka kingine. Pitres ndicho kijiji kikuu cha La Taha, kundi la vijiji vya upande huu. Taha lilikuwa jina la wilaya enzi za ufalme wa Kiislamu wa Granada, nalo linatokana na Kiarabu, ta'a, asili ileile iliyotupa sisi "tii" na "utiifu". Ufalme huo ulianguka tarehe 2 Januari 1492. Wakazi wa asili ya Kiislamu waliasi Desemba 1568, wakashindwa 1571, wakafukuzwa. Majina, mifereji na njia vilibaki.

Kutoka Pitres nilishuka Mecina, Mecinilla, Fondales, nikaelekea Ferreirola na Busquístar. Chini ya Fondales njia inashuka hadi daraja la kale juu ya mto Trevélez na mabaki ya kinu. Ukiteremka hadi hapo, utapanda kurudi, basi hesabu dakika zako kwanza. Njia za kupanda kwa kona-kona huko huitwa escarihuela. Ukiliona neno hilo kwenye kibao, kunywa maji kabla. Karibu na Ferreirola kuna chemchemi ya Fuente Gaseosa, maji yenye chuma na mapovu ya asili. Yaonje, lakini chupa jaza kwenye bomba la kijijini, na usome kibao: "no potable" maana yake hayafai kunywa.

Chakula kinataka mpango. Maduka hufungwa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 11 jioni, kwa hiyo mkate nilinunua asubuhi. Kwa Mwislamu, sahani maarufu ya huko, plato alpujarreño, imejaa nyama ya nguruwe, na hata samaki wa mtoni, trucha, mara nyingi huletwa na kipande cha jamón. Sema "sin cerdo, sin jamón" kabla ya kuagiza, uulize na supu imechemshwa na nini. Papas a lo pobre, viazi na pilipili hoho kwenye mafuta ya zeituni, hushibisha vizuri. Omba tu visiongezewe soseji.

Busquístar nilifika saa 1 na nusu kabla ya basi. Akiba hiyo iache iwepo, kwani likipita hilo umebaki na teksi. Ukiita teksi kutoka vijiji vya chini, taja "Mecina Fondales" kwa ukamilifu. Kuna Mecina nyingine, Mecina Bombarón, mbali upande wa mashariki, na dereva akielekea huko jua litazama wewe ukiwa bado umesimama kando ya barabara.