Nilivyopata mshahara wa cheo kipya baada ya miezi zaidi ya saba

Barua ya kupandishwa cheo niliipokea, nikasaini kukubali, nikawanunulia wenzangu soda. Mwisho wa mwezi salari slipu ikaja vilevile: TGS D, ngazi yangu ya zamani ya mshahara wa serikali, wakati barua inasema TGS E, ngazi ya juu yake. Nikajipa moyo, labda mwezi ujao. Miezi saba ikapita hivyo.

Afisa utumishi wa wakala wetu wa serikali kila nikimwuliza anajibu "iko kwenye mfumo". Siku moja nikamwomba, kwa upole tu, anifungulie taarifa zangu nizione kwa macho. Kumbe bado nasomeka mtumishi wa majaribio! Mimi nilishathibitishwa kazini zamani, baada ya ile miezi kumi na miwili ya majaribio.

Nikashuka masijala, yaani ofisi inayotunza majalada. Mama wa pale akalivuta jalada langu, vumbi tupu, akapekua folio, yaani karatasi zenye namba: 14, kisha 16. Folio 15, iliyokosekana, ndiyo ilikuwa barua ya kuthibitishwa. Bahati nzuri nakala nilikuwa nayo nyumbani, ndani ya bahasha ya vyeti.

Nikaandika barua kwa mtendaji mkuu, K.K. (kupitia kwa) mkuu wangu wa idara, nikaambatisha nakala za barua zote mbili, ya kuthibitishwa na ya kupandishwa cheo, na salari slipu za miezi yote saba. Nakala yangu nikaigongesha muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Bila huo muhuri utaanza upya.

Mwezi wa pili baada ya barua hiyo mshahara ukabadilika. Malimbikizo ya miezi ya nyuma yana fomu yake, nikaijaza siku hiyohiyo. Yalichelewa, lakini yaliingia.