Siku moja kliniki ya saratani, Unguja

Saa 11 alfajiri nshaamka, nasali, naweka chai, watoto wa skuli nawaamsha mara tatu tatu, saa 12 na nusu niko kwenye daladala ya Fuoni naelekea mjini.

Saa 2 kliniki imejaa. Mie ni nesi, saratani mwaka wa sita huu. Wa kwanza leo bimkubwa mmoja wa Pemba, kaletwa na mwanawe. Alishakatwa ziwa, akamaliza dripu za dawa ya saratani, akajiona mzima akaacha kuja. Sasa kichwa kinamuuma kila akiamka, anatapika, mguu wa kulia anauburura. Nyumbani wakimpa panadol na kumsomea. Kusomewa si vibaya, hata mie husomewa, lakini wiki 5 zimekwenda hapo.

Saa 5 picha ya CT imerudi, madoa matatu kwenye ubongo. Daktari akamwanzisha deksa, dawa ya kupunguza uvimbe.

Mwanawe akanifata koridoni, "Dada, kwani hii saratani nyengine?" Nikakaa nae kwenye benchi. Nikamwambia si nyengine mdogo wangu, ni ile ile ya ziwa imehama, seli zinabanduka zinaingia kwenye damu, nyingi zinakufa njiani, chache zinafika kichwani, na mishipa ya kichwani ukuta wake umeshikana mno hata dawa nyingi hazipiti, ila hizi zinajipenyeza, na zikishaingia zinaweza kukaa kimya hata miaka ndo zianze kukua. Yake ni ya HER2, yaani seli zake zina protini hiyo nyingi kupita kiasi, hiyo na ile ya hasi tatu, isiyo na HER2 nyingi wala vipokezi viwili vya homoni, ndo zinakimbilia zaidi ubongoni. Dawa aliyopewa, trastuzumabu, mwilini ilifanya kazi, lakini molekuli yake kubwa, ubongoni inaingia kidogo sana. Ndo mana kifua safi, kichwa sio.

Akauliza kwa nini kichwani. Yeye mtu wa karafuu, nikamwambia mkarafuu ukiupanda kule Makunduchi kwenye mawe hausimami, kwenu unasimama. Mwaka 1889 daktari wa Uingereza, Stephen Paget, alipekua habari za wanawake 735 waliokufa na saratani ya ziwa akasema hilo hilo, mbegu inataka udongo wake.

Jengine sikumwambia, moyo ulikataa. Astrosaiti, seli zinazoutunza ubongo, mwanzo zinapigana na mgeni, baadae nyengine zinageuka kumsaidia. Na 2019 watafiti walionesha seli za saratani ya ziwa zinajibana pale niuroni mbili, seli za fikra, zinapopashana habari, zinadokoa glutamati, kemikali ya kupashana habari hizo, na inazikuza. Kile kile mtu anachofikiria nacho! Linaniuma mno.

Saa 8 madaktari wamekubaliana apate mionzi, yaani boti mpaka Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road. Mwanawe anahesabu nauli kwa vidole, nikampeleka ustawi wa jamii tukaangalia msaada.

Saa 9 nilitakiwa nitoke. Nikachukua daftari la walioacha kuja nikaanza kupiga simu. Maumivu mengi ya kichwa si saratani, na nnawaambia hivo, lakini ukishawahi kuugua ziwa na kichwa kinakuamsha, jicho linaona mbili au mkono unalegea, sema siku hiyo hiyo. Nimepiga 9. Saba wazima alhamdulillah, mmoja hapatikani. Wa mwisho kanyamaza kidogo, akasema "kichwa kinauma asubuhi tu, ikishafika saa 4 kinatulia."

Nimemwambia kesho saa 2 awe mlangoni kwangu, na leo asilale peke yake.